Mtani Hapigi Hodi

Siku ya kuniaga, vijana wa kituoni walinikabidhi saa ya ukutani. Mtu kastaafu, hana tena anakowahi, ndiyo kwanza anapewa saa. Nikashukuru, nikapigwa picha nayo. Kisha koplo mmoja mwenye adabu zake akanisogelea.

"Shikamoo afande. Tuandikie basi japo kurasa chache, tubaki nazo."

"Marahaba. Mtazisoma?"

"Tutazisoma, afande."

Kijana yule nimewahi kumwona akisoma maelezo ya shahidi kwa kuangalia mstari wa kwanza na sahihi. Hata hivyo nimeandika. Vyeo nimeviruka kwa sababu mnajua vinavyopatikana, na mshahara nimeuacha ili msikate tamaa mapema. Nitakaa zaidi kwenye kesi moja, ile ya Bigwa, maana siku hizi nawasikia mkibishana, redioni mnabishana na kwenye chai mnabishana, kama mwenye nyumba ana haki ya kumpiga risasi mtu aliyeingia kwake bila ruhusa. Mnabishana kana kwamba nyie ndio wa kwanza. Wenzenu tulibishana zamani, tena kwa kelele kuwazidi.

Nilifika Morogoro kikazi kutoka kwetu Gairo, baada ya mafunzo, nikiwa na sanduku la bati na imani kwamba uhalifu wote wa nchi hii ulikuwa unanisubiri mimi. Nikaingia kituoni kifua mbele. Mezani alikuwepo Sajini Zuhura, mwanamke wa Pangani, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, ambaye ndiye aliyepangiwa kunifundisha kazi. Akanitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Umemsalimia nani tangu uingie?"

"Nimeripoti kazini, afande."

"Toka nje. Piga hodi. Ungoje uitikiwe."

Nikadhani ananitania. "Hodi? Kituo cha polisi?"

"Hapahapa. Wewe utaingia majumbani mwa watu miaka yako yote, na wengine utawakuta na maiti sebuleni. Kama hodi imekushinda hapa, huko utaiokota wapi?"

Nikatoka, nikapiga hodi. Wahuni wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja kuwekwa mahabusu wakanikaribisha kabla yake. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa heshima yangu kazini.

Somo la pili lilichukua muda mrefu zaidi. Mama yule alikuwa ananituma sokoni nikazunguke, nikirudi ananihoji. "Umeona nini?" Nikasema nimeona mlevi. "Hujaona mlevi. Umeona nini?" Nimeona mtu anayumba, afande. "Haya, sema hivyo basi. Huenda ana malaria, huenda ana njaa, huenda kafiwa. Usiniletee unachofikiri, wallahi nitakurudisha Gairo ukalime karanga. Niletee ulichokiona." Alinisumbua hivyo mpaka nikawa naogopa hata kumwambia kuwa nje kunanyesha.

Vifaa vyetu navitaja kwa heshima, kwa kuwa vingi ni marehemu. Tulikuwa na tochi kubwa ambayo betri zake zilikuwa zinatarajiwa. Tulikuwa na futi ya fundi cherehani, ambayo ndiyo tuliyopimia ajali za barabarani, mauaji na mipaka ya mashamba. Tulikuwa na Landrova iliyowaka kwa kusukumwa, na mara nyingi aliyesukuma ni mtuhumiwa mwenyewe, akishamaliza anapanda nyuma na kupelekwa rumande. Tena tulikuwa na pingu za kutosha, ila ufunguo ulikuwa mmoja kwa kituo kizima. Huo ufunguo ukumbukeni, tutakutana nao mbele.

Sasa nyie mmezaliwa mkikuta vitu, kwa hiyo hamtanielewa nikisema kwamba wezi wa miaka ya foleni za sukari nawaonea huruma mpaka leo. Mtu anavunja dirisha kwa taabu zake zote, anaingia, anakuta kiti kimoja na mwenye nyumba anayemwomba kiberiti. Kisha ikaja ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikashuka kwa marobota, watu wakanunua redio za kaseti, deki za video na majokofu. Waliokuwa wakilala milango wazi wakaanza kujenga kuta, na juu ya kuta wakapandikiza vipande vya chupa. Getini wakaandika MBWA MKALI, na huyo mbwa ukimwona, alikuwa na haja ya mkate kuliko ya mwizi.

Hodi nayo ikafa kimyakimya. Ukuta utaupigiaje hodi? Ikabidi waweke kengele, na kengele ilitaka umeme, na umeme wa siku zile ulitaka mvua. Basi mgeni alisimama getini akibonyeza kitu kisicholia, na mwenye nyumba alikuwa ndani akichungulia na kujiuliza ni nani huyo anayenyemelea nyumba yake. Wote wawili walikuwa wamestaarabika.

Baada ya kuta zikaja bunduki. Mimi nikapangiwa kuwatembelea waombaji wa vibali, nione makazi yao na kusikia sababu zao. Jamani, nimesikia sababu! Mmoja alinieleza kwamba anataka bunduki ya kulinda jokofu. Nikamwuliza ndani ya jokofu kuna nini. Akasema maji.

Mwombaji mwingine alikuwa Bwana Alfonsi wa Bigwa. Huyu alikuwa Mluguru hasa, aliyeondoka zamani na kapu la machungwa kwenda Dar es Salaam, akarudi na lori. Lori lile lilipanda Matombo kwa barabara ambayo punda angeikataa, likashuka na ndizi, mdalasini na pilipili manga. Akajenga ghorofa chini ya mlima, akalizungushia ukuta. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo ghorofa lile lilisimama kwenye ardhi ya mama yake, Bibi Felista. Bibi mwenyewe alikataa kulala humo. Alibaki kwenye kijumba chake cha nyuma pamoja na mbuzi wake, akisema ngazi za ghorofa ni mlima, na mlima tayari anao.

"Wezi wamekuja mara ngapi, mzee?" nilimwuliza Alfonsi siku ile nilipokwenda kwa ajili ya kibali.

"Bado."

"Sasa bunduki ya nini?"

"Wakija nikiwa sina, nimlaumu nani? Wewe na tochi yako?"

Hapo alinipata. Nikajaribu tena. "Na utamjuaje kwamba ni mwizi?"

Alfonsi akacheka, akamgeukia mkewe, Mama Tekla, aliyekuwa analeta chai. "Umemsikia afande? Eti nitamjuaje mwizi! Mwizi si anajulikana?"

Mama Tekla hakucheka. Aliweka vikombe akasema, "Mimi nyumba yenye bunduki nitaizoea pole pole." Niliandika kwamba sioni haja. Kibali kikatoka. Kilitoka juu, na mimi nilikuwa chini.

Bibi Felista akafariki, hospitalini, baada ya ugonjwa uliomkesheza Alfonsi siku nyingi kitandani pake. Mwili ukabaki chumba cha maiti kungoja mazishi ya kesho yake, nyumbani likatundikwa turubai mbele ya ghorofa, na watu wakajaa. Sasa hapa wale mliotoka mikoa ya mbali mnisikilize, maana bila jambo hili hamtaelewa kitu.

Waluguru wana watani wao, ukoo kwa ukoo, tangu mababu. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuchimbia kaburi na kumbeba marehemu wako. Na kabla hajashika jembe, anakuja kukutania. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anakula chakula chako bila kuomba, anakamata kuku wako au mbuzi wako na kuondoka naye, na humpati mpaka umkomboe mbele za watu. Ukikasirika umekosa adabu. Mtani hapigi hodi msibani. Akipiga hodi anakuwa mgeni kama wageni wengine. Kwetu Gairo, Wakaguru nasi tuna mambo hayohayo, ndiyo maana sikuhitaji mkalimani.

Mtani wa familia ile alikuwa Kobelo, mchimba makaburi hodari, mtu aliyeogelea mtoni na Alfonsi wakiwa watoto wasio na suruali. Alasiri, wakati waombolezaji wako mbele chini ya turubai, Kobelo alipitia mlango mdogo wa nyuma. Akaingia kijumba cha marehemu, akajifunga kitenge chake, akamfungua mbuzi, akaanza kuondoka kwa mwendo wa Bibi Felista, mkono kiunoni. Alfonsi alikuwa juu chumbani, amejilaza baada ya kukesha. Akasikia mbuzi analia. Akachungulia kwenye nondo za dirisha, akaona alichokiona, akachukua bunduki akafyatua. Marisau yakamwingia Kobelo pajani na gotini. Mbuzi hakupata hata mkwaruzo. Nilipofika nilimkuta anatafuna pindo la kitenge kilichobaki chini, na damu imelowesha mchanga.

Kobelo alikuwa ameshakimbizwa hospitali kwa lori lilelile la ndizi. Alfonsi nilimkuta amekaa kwenye ngazi. Nilipiga hodi, akaitika.

"Uliona nini, mzee?"

"Niliona mwizi."

"Hapana. Uliona nini?"

"Afande, niliona mtu ananiibia mbuzi!"

"Uliona nini?"

Akafumba macho. "Niliona mgongo," akasema. "Mgongo na mbuzi."

"Mgongo umevaa nini?"

"Kitenge."

"Cha nani?"

"Mimi ndiye niliyemnunulia," akasema. "Pasaka. Hakukivaa, alisema kizuri mno, atakivaa akipata shughuli."

Nikaacha kuandika kidogo. Hata polisi ana mama.

Mji, loo, mji haukuwa na muda wa kuuliza mgongo ulivaa nini. Kufika jioni, Alfonsi alikuwa shujaa. Kwenye vijiwe vya kahawa walisema wezi wamezidi, na huyu walau kaanza kazi. Kwenye baa walisema mali ya mtu ni jasho lake. Mwalimu mmoja wa siasa, aliyetufundisha miaka yote kwamba mali binafsi ni unyonyaji, sasa alikuwa na vibanda viwili stendi, na ndiye aliyepiga meza kwa nguvu kuliko wote. Wahadhiri wa chuo nao wakaitisha mdahalo, wengine wakasema haki ya kujihami haina mipaka, wengine wakasema ina mipaka, wakanywa soda wakaenda nyumbani kwa magari yenye vioo vilivyofungwa. Neno lililokuwa midomoni mwa wote lilikuwa moja: mwizi. Mwizi wa Bigwa. Nusu yao walimjua Kobelo kwa jina, na wengine aliwazikia wazazi.

Mkuu wangu wa wakati huo, ambaye sitamtaja maana anapenda sana kutajwa, aliona kesi imejimaliza yenyewe. "Mwenye nyumba kajihami, mwizi kapatikana, kielelezo kipo. Mfungulie Kobelo shitaka la wizi wa mifugo, funga jalada." Kielelezo alikuwa ni mbuzi. Tulimfunga nyuma ya kituo, karibu na bustani ya maua ambayo mkuu aliipenda kuliko askari wake.

Nikaenda hospitali. Kobelo amelala, mguu umefungwa bendeji hadi nyonga, na mkono umetiwa pingu kwenye chuma cha kitanda, asije akakimbia na mguu huo. Kabla sijamsalimia akaniuliza.

"Afande, mama kazikwa?"

"Bado."

"Nani anachimba?"

"Si ulikuwa uchimbe wewe."

"Basi nifungueni."

Nikamwambia kwamba pingu nimeshaamua kuzifungua kwa dhamana yangu mwenyewe, ila ufunguo uko na koplo, na koplo yuko likizo kwao Ifakara. Kobelo alicheka mpaka muuguzi akaja mbio akidhani kuna mtu anakata roho. Ikabidi tumwite fundi wa baiskeli na msumeno wake. Wakati fundi anakereza chuma, Kobelo aliacha kucheka.

"Wanangu wameshaambiwa mtaani kuwa baba yao ni mwizi, na shule wanasema hawaendi," akasema. "Mguu sawa, mguu utapona au hautapona. Hilo la mwizi litapona vipi, afande?"

Sajini Zuhura hakunifundisha hilo.

Kesho yake ilikuwa ndiyo siku ya mazishi, na kaburi halikuchimbwa. Watani walikuja wote wakakaa chini nje ya geti la Alfonsi, wakiongozwa na Bibi Sabina, shangazi yake Kobelo, bibi mfupi aliyevuta ugoro na kuogopwa na watu wazima. Hawakutukana wala hawakurusha mawe. Walikaa tu. Mjomba wake Alfonsi, mkuu wa ukoo wa marehemu, alipotoka kuwasihi, Bibi Sabina akampa masharti. Mbuzi akombolewe kwa desturi, na akombolewe na Alfonsi mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele za watu. Vinginevyo Felista asubiri.

Alfonsi alikuwa mtu wa biashara, akajaribu njia ya biashara. Akatuma lori kwenda kuleta vibarua wa mashamba ya miwa, watu wa mikoa yote, wasiojua Mluguru wala mtani wake. Wakaja na majembe. Mmoja akauliza mbona hapa pana watu wengi hivi wamekaa na hawachimbi. Akaambiwa sababu. Wakanong'ona, wakaweka majembe begani, wakarudi kwa miguu. Soko huria lilikuwa limefika kila mahali, ila kaburini lilikuwa bado.

Kumbukeni pia kwamba chumba cha maiti kilitegemea umeme, na umeme ulikuwa wa mgao. Mama Tekla ndiye aliyekuwa anakwenda hospitali kuulizia. Alirudi akasema neno moja tu kwa mumewe, nami nilikuwepo: "Mama hawezi kungoja."

Kulikuwa na mtu mwingine pale ndani, wakili aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, kijana nadhifu mwenye mkoba. Yeye alizungumza vizuri sana. "Mzee, utetezi wako wote ni kwamba uliona mwizi. Ukitoka hapo nje ukasema neno mtani mbele ya umma, na huyu askari anasikia, umejifunga kamba mwenyewe. Subiri kesi iishe. Desturi zitasubiri."

"Na mama?" Alfonsi akauliza.

Wakili akafungua mkoba akatafuta humo.

Alfonsi akanigeukia mimi. "Afande, na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ukweli ili usije ukasema nilikutega. Ukienda kumkomboa mbuzi, nitakuwepo. Na masikio yangu nitakuja nayo."

"Mbuzi yuko wapi?"

"Kituoni. Anakula maua ya mkuu."

Nikafikiri kumwombea kielelezo ruhusa ya kutoka kutakuwa kazi. Haikuwa kazi. Mkuu alikuwa amesimama bustanini akitazama vishina, na kabla sijamaliza sentensi akasema, "Mpeleke popote. Hata asiporudi." Tukampakia mbuzi kwenye Landrova, tukasukuma, ikawaka.

Nilipofika Bigwa nilimkabidhi Bibi Sabina kamba. Watu walikuwa wamejaa barabara nzima, mashujaa wa vijiwe vya kahawa wakiwa mstari wa mbele. Geti likafunguka. Alfonsi akatoka bila viatu. Wakili alimfuata amemshika shati, na Alfonsi akamwachia lile shati, yaani alilivua akaendelea na fulana.

"Mtani wangu," akamwambia Bibi Sabina, "nirudishie mbuzi wangu."

Bibi Sabina akavuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta. "Mtani nani? Mimi nasikia mji mzima unasema hapa aliingia mwizi. Mwizi hakombolewi, baba. Mwizi anapigwa risasi."

"Hakuwa mwizi."

"Ati? Sema kwa sauti, mwanangu. Masikio yangu yameziba tangu jana, bunduki ilinililia karibu."

"Hakuwa mwizi!" Alfonsi alipaza sauti. "Alikuwa Kobelo. Kobelo alikuja kunizikia mama, na mimi nikampiga risasi. Nilimpiga akiwa amevaa kitenge cha mama. Hakuwa mwizi, jamani. Sikuuliza. Sikuita hata jina." Akapiga magoti akalia, mwanaume mzima, mwenye lori na ghorofa, na watu wote waliomshangilia wakawa wanatazama miguu yao.

Bibi Sabina akamwekea kamba mkononi. "Haya, chukua. Na unyamaze basi, unamtisha mbuzi."

Mimi nikaandika kila neno. Ndiyo kazi.

Kaburi lilichimbwa alasiri hiyohiyo, na Bibi Felista akazikwa na watani wake kama inavyotakiwa. Na mkidhani walimhurumia Alfonsi, hamwajui. Mdogo wake Kobelo alijifunga kanga, akachukua mpini wa jembe akaufanya bunduki, akapanda kwenye lundo la udongo. "Nani huyo? Mgongo! Mgongo wa nani? Sijui, mimi siulizi migongo, mimi napiga tu! Pah!" Akaanguka mwenyewe kaburini akitoa miguu juu. Padri aliyeletwa kutoka misheni aligeuka pembeni mabega yakimtikisika. Alfonsi alicheka. Alicheka huku machozi yanatiririka, na nadhani ndipo alipoanza kupona. Mazishi yalipokwisha alikuja mwenyewe kwenye Landrova. Akaanza kupanda, nikamwambia bado, kwanza tusukume.

Shitaka la wizi lilifutwa, Alfonsi akashitakiwa kwa kujeruhi. Mahakamani alikuja hakimu mgeni, mtu wa kanda ya ziwa, mpole, aliyetaka kuelewa. Kobelo akapanda kizimbani kwa magongo kama shahidi.

"Shahidi, ulikuwa unaiba mbuzi yule?" hakimu akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilikuwa naiba."

Wakili wa Alfonsi akaruka kwa furaha. Hakimu akamkalisha. "Unakiri wizi?"

"Nakiri, mheshimiwa. Ndiyo kazi yangu kila wakifiwa."

"Mwenye mbuzi alikuruhusu?"

"Mtani haruhusiwi, mheshimiwa. Akiruhusiwa inakuwa zawadi."

Hakimu aliweka kalamu chini, akaomba wazee wa baraza wamweleze polepole, tangu mwanzo. Mwisho wake Alfonsi alitiwa hatiani, akapewa kifungo cha nje, na bunduki ikachukuliwa. Mji haukuridhika, upande huu walisema kaonewa, upande ule walisema kapendelewa, na baada ya muda mfupi ukapata jambo jingine la kubishania. Watoto wa Kobelo walirudi shuleni. Sajini Zuhura, aliyekuwa anajiandaa kustaafu, aliyasoma maelezo niliyomwandika Alfonsi siku ile ya ngazi, akafika pale penye mgongo na mbuzi, akanirudishia. "Hapo sasa umeona," akasema. Hiyo ndiyo medali pekee niliyopata, na haikuhitaji sherehe wala saa ya ukutani.

Mguu wa Kobelo haukukunjika tena. Alitembea na fimbo, akachimba makaburi ameegemea ukingo. Mara kwa mara alipita kwa Alfonsi lori likishusha mzigo, akachomoa chane ya ndizi na kuondoka nayo bila kuomba. Alfonsi alikuwa anapiga kelele, "Mwizi huyo! Mwizi!" na mtaa mzima ukacheka. Kisha Alfonsi anamtazama akichechemea mpaka anapopotea kwenye kona, na kazi ya kushusha inasimama mpaka amalize kutazama.

Mwaka huu, wakati nakabidhi vifaa vyangu, nikaletewa habari kuwa Alfonsi amefariki. Nikaenda Bigwa kama raia. Ukuta bado upo, chupa zimepauka, na geti siku ile lilikuwa wazi kabisa. Jeneza lilikuwa barazani. Tumekaa hivi, tukasikia fimbo inagonga barabarani. Kobelo. Mzee sasa, mvi tupu. Akafika getini akasimama. Hakuingia.

"Hodi!" akaita.

Watu wakatazamana. Mtani, hodi?

"Hodi wenyewe! Mwizi nimefika, nimekuja kuiba mbuzi. Bunduki iko dirisha gani, nipitie upande wa pili?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mama Tekla alikuwa ameketi karibu na jeneza. Akainua kichwa. "Karibu mwizi wetu," akasema. "Mwenye bunduki amelala."

Kobelo akaingia, akapita moja kwa moja hadi nyuma. Akatoka amevaa koti la Alfonsi, anamvuta mbuzi kwa kamba, anatembea mwendo wa Alfonsi wa kifua mbele, na mguu ule mbovu ukiuharibu mwendo kila hatua. Tulicheka mpaka machozi. Akasimama mbele ya jeneza.

"Alfonsi! Naondoka naye huyu!"

Akangoja.

"Alfonsi, mbuzi huyo anakwenda. Hata jina langu huniiti?"

Akangoja tena. Tuliokuwa tunacheka tukaacha, mmoja baada ya mwingine. Kobelo akaweka mkono juu ya mbao.

"Piga basi," akasema taratibu.

Kisha akaifunga kamba ya mbuzi kwenye mguu wa kiti changu, akachukua jembe, akaenda kuchimba.